Tope Juu ya Injini

Uvumi ule ulimganda Mama Povu kama grisi chini ya kucha. Umesugua, umeosha, bado upo. Aliusikia kwenye foleni ya maji, mtu akimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika makusudi: "Yule binti yake, mumewe akitoka humfungia kwa nje. Huongea na majirani kupitia nondo za dirisha."

Mama Povu hakuuliza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aliogopa kwenda kulikuta.

Jumamosi hiyo mkwe akaleta gari uani kwake, pale anapooshea magari ya watu. Binti hakushuka mpaka alipofunguliwa mlango. Mkwe alikuwa na haraka: amehamishwa kazi, wanakwenda mbali, tena leo leo. Wamepita kuaga tu na kuosha injini, maana mke kang'ang'ania kwamba ikisafiri na tope lile itachemka njiani.

"Shikamoo, mama. Nusu saa inatosha?"

"Marahaba. Injini haiharakishwi, baba. Ukiimwagia maji ingali moto, chuma hupasuka. Iache ipoe."

Mkwe akavuta kiti mpaka langoni, akaketi. Mapajani alipakata simu mbili, yake na ya mkewe.

Mama Povu akafungua boneti, akashangaa. Tope lilikuwa limejaa juu kabisa ya injini, zito kama limekandikwa. Chini, mahali panaporukiwa na maji ya barabarani, palikuwa pakavu.

"Limepandaje huku, mwanangu?"

"Barabara mbovu, mama."

Injini ilipopoa wakafanya kazi bega kwa bega, kama enzi zile kabla ya ndoa, binti alipokuwa akishika usukani na kugeuza magari ya wateja katika ua huu kama mtu anayegeuza godoro. Mama alitaka neno moja tu kutoka kwake. Lakini kila alipoinama kunong'ona, kiti cha langoni kililia.

"Unalala vizuri huko kwako?"

"Mnaongea nini?" mkwe akauliza.

"Betri, mume wangu," binti akajibu. "Mama anasema tuanze kwa kutoa waya hasi."

Akalegeza nati kwa spana ya kumi, akautoa waya. Wakavisha mifuko ya nailoni kwenye altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa. Wakapaka sabuni, wakasugua kwa brashi, wakasuuza kwa maji kidogo ya kopo.

"Kalete vitambaa vikavu ndani," mama akasema.

Binti akaenda. Alipofika kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa, akasimama. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Lakini alisimama pale, mikono chini, akingoja kufunguliwa.

Mama Povu aliona. Kumbe lipo.

Binti aliporudi, mama akasugua kwa nguvu ili brashi imeze sauti yake. "Usiende, mwanangu."

"Nitabakije, mama? Lango lenyewe kalikalia."

Wakakausha kila kitu, wakatoa nailoni, wakapaka dawa ya kung'arisha kwenye plastiki. Mama akapapasa sanduku la vifaa.

"Spana ya kumi iko wapi? Nataka kukagua betri."

"Sijaiona. Lakini waya nimeshaurudisha."

Mama hakushangaa. Spana ya kumi ni kama paka wa jirani: ukiihitaji, haipo. Alitaka kuhakikisha kwa mkono, ila mkwe alishafika.

"Basi, basi! Inang'aa kuliko uso wangu." Akabamiza boneti, akaingia, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena. Kimya kama cha kaburini.

Akashuka, akafungua boneti, akatazama. Kila kitu kilimetameta machoni pake, asijue aanzie wapi. Mama Povu akasogea.

"Usiguse tena!" mkwe akafoka. "Umeshaniulia gari. Nakwenda kuleta fundi kutoka njia panda." Akamgeukia mkewe. "Wewe, kaa hapo hapo."

"Na ufunguo, baba, umeuacha," mama akasema kwa woga.

"Nani atauiba mzoga? Gari lisilowaka ni kufuli tosha." Akacheka. "Na huyu hajui hata breki iko upande gani."

Mama akafumbua kinywa. Binti akamwahi, macho chini. "Kweli, mume wangu, sijui."

Mkwe akatoka na zile simu zake mbili, hatua ndefu, asitazame nyuma.

Mama Povu akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mwanamume yule akirudi, hasira ya gari haitamshukia fundi wala mama mkwe. Itamshukia binti, huko mbali ambako hata wambea hawatamsikia. Na kosa ni la nani? La mikono hii hii iliyomlea. Akafumba macho, akaanza kujikagua, akihesabu kwa vidole kanuni alizomkaririsha binti yake tangu udogoni:

Usioshe injini ikiwa moto.

Usitoe grisi kwa petroli. Itawaka, na wewe pia.

Usielekeze maji ya presha kwenye nyaya.

Usiwashe kabla ya kutoa nailoni kwenye mdomo wa hewa.

Usipake dawa ya kung'arisha kwenye mkanda wa injini, utateleza.

Usifunge boneti kabla ya kukaza nati ya betri.

Kidole kikasimama hapo. Alipofumbua macho, binti alikuwa ameinama kwenye betri, akizungusha ile spana ya kumi.

"Panda, mama," akasema, akateremsha boneti, akauendea mlango wa dereva, na akaufungua mwenyewe.