Hewa ya Kichuguu

Konokono mmoja alipata shahada yake ya udaktari katika hesabu za kuvuna manufaa makubwa kwa jasho dogo. Mchwa wakamwita kichuguuni mwao, kwa sababu joto lilikuwa likiharibu mayai ya malkia na wafanyakazi walikuwa hoi kwa kupepea. Wakamtobolea ofisi, tundu jipya la juu, lenye mwanga mzuri. Akapima kila njia ya hewa, akakokotoa kwa miaka mitatu.

Jibu lilipotoka, lilimnyong'onyeza. Tundu moja tu lingeachwa wazi, kichuguu kizima kingepoa bila mchwa hata mmoja kupepea. Tundu lenyewe ndilo alilokaa yeye, gamba lake likiliziba kama kizibo cha chupa. Akarudia hesabu mara nne akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Akamwendea msimamizi, Bi Mchwa, pembe zikiwa zimelegea. "Bibi, mayai yatapona. Ila mimi itabidi nihame."

"Alhamdulillahi! Ngoja nikusaidie kubeba makaratasi."

"Mbona hushangai?"

"Daktari, kila ukienda likizo tunavaa sweta."

"Na miaka yote hii hamkuniambia?"

"Tungeanzaje kukukatiza?" akasema Bi Mchwa. "Ulikuwa unahesabu kwa bidii mno."