Andazi la Nyamizi

Katika kanisa lile, mtoto aliyeshindwa kusema mstari wa kukariri alikosa andazi, tena alibaki kufagia. Jumapili hiyo Nyamizi alikwama katikati, akakaa chini kwa aibu. Mwalimu Eliseba akaja, akamshikisha andazi la moto, kubwa kuliko ya wenzake wote.

"Mstari umenishinda, mwalimu."

"Najua. Hiyo ndiyo neema tuliyojifunza leo. Kula, mwanangu."

Nyamizi hakula. Nyumbani kwa shangazi yake, chakula kitamu hutangulia kazi ngumu. Alilinusa andazi, akaligeuza, akamkazia mwalimu macho. Wenzake walipotoka mbio, akachukua ufagio na kuanza chini ya mabenchi.

"Nani amekutuma?"

"Nafanya mapema, nisije nikatumwa kubaya zaidi."

Eliseba alimsogelea. Akauchukua ule ufagio, akafagia mwenyewe kutoka mimbarini hadi mlangoni. Nyamizi alimfuata nyuma, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Mlangoni akaling'ata andazi ukingoni, kidogo sana, mkono wa pili bado ameunyoosha kuusubiri ufagio.