Nyaya Nne za Gitaa Jeusi

Kavuo alitoa skrubu ya mwisho, akainua kifuniko cha mgongo wa gitaa, akashika chuma cha kulehemu, na kikamponyoka mkononi.

Ndani, katikati ya nyaya, palikuwa na kipande cha mrija wa kalamu ya biki. Chekundu, kifupi kama kiungo cha kidole, kimechomwa ncha zote mbili kisitoke. Hakuna fundi mwingine Butembo aliyefunika maungio ya nyaya namna hiyo. Yeye mwenyewe alifanya hivyo mara moja tu, siku alipokosa plastiki ya kazi. Gitaa lilikuwa la mumewe, Sadrack.

Lakini gitaa la Sadrack lilikuwa la bluu, na hili lilikuwa jeusi. Akalikwangua pembeni kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi nyeusi, bluu.

“Mama, imeharibika sana?” aliuliza mwanaume aliyelileta. Aliitwa Maliro, mtu wa miaka thelathini hivi, ametoka Beni kwa pikipiki asubuhi hiyo, vumbi bado kwenye nyusi.

“Hapana,” Kavuo alisema. “Waya moja tu imeachia.”

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Sadrack aende Beni kupiga gitaa harusini. Watu wenye silaha waliuvamia mtaa aliofikia, nyumba zikateketea, na waliofia humo hawakutambulika. Familia ilizika jeneza lenye koti lake. Kavuo alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, kisha akarudi kwenye karakana aliyoachiwa na baba yake. Kibao cha mlangoni bado kiliandikwa Atelier Jacob. Wateja walimwita Mama Ariel tu, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Gitaa halikuonekana tena.

Akaokota chuma. Kichwa chake kilikuwa mbali, lakini mikono iliijua kazi. Mikro ya gitaa lile, kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ilikuwa na koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Zikiimba pamoja, sauti inanenepa. Ukivuta kitufe, moja inanyamazishwa na nyingine inabaki peke yake, nyembamba, kali, ikipenya katikati ya kwaya nzima. Nyaya nne zilitoka kwenye mikro hiyo. Mbili ziliungana ndani ya ule mrija mwekundu, na kutoka hapo waya mmoja ulipaswa kwenda kwenye kitufe. Huo ndio uliokuwa unaning’inia.

“Mafundi wawili walishindwa,” Maliro alisema. “Ule wa pili, kule Rughenda, njo alinielekeza hapa.”

“Gitare ni yako?”

“Ni ya mukubwa wangu.”

“Anaitwa nani?”

Maliro aliinama, akaanza kupangusa kiatu. “Mais Mama, wewe tengeneza tu. Alisema jina lake nisilitaje.”

Kavuo alishikiza waya mahali pake na kudondosha tone la bati. Akapuliza moshi. “Jaribu.”

Maliro alichomeka gitaa kwenye spika, akavuta kitufe, akapiga. Sauti ilitoka nyembamba, safi. Kisha vidole vyake vikashuka kwa noti nne, vikasimama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, vikaruka juu ghafla. Kavuo alishika ukingo wa meza. Mapigo hayo Sadrack aliyatunga nyumbani kwao, akiwaamshia watoto kila Jumapili. Hakuwahi kuyarekodi popote.

“Nani alikufundisha hiyo?”

“Mukubwa wangu. Yeye njo anatufundisha siye wote.”

Basi wale wenye silaha walimpigisha gitaa kabla ya kumuua, Kavuo aliwaza. Walikaa, wakamsikiliza mpaka wakashika, kisha wakammaliza.

“Ngoja nitafute skrubu ya kufungia,” alisema. Alipofika nyuma ya karakana, alimpigia simu Delphin, karani wa bureau, ofisi ya mtaa.

Walikuja wanaume watatu. Walimfunga Maliro mikono kwa mpira wa baiskeli, wakampeleka bureau huku watu wakiwafuata barabarani. Kavuo alitembea nyuma yao akiwa amebeba gitaa kifuani.

“Gitare ulitosha wapi, nani alikupa?” Delphin alimuuliza.

“Mukubwa wangu alinituma.”

“Mukubwa gani? Wa mu pori?”

“Hapana, patron! Miye ni mutu wa kanisa.”

“Jina lake?”

“Nilimuahidi.”

Wakampiga kofi. Wakampiga la pili, akaanguka sakafuni. Na Kavuo, ambaye hakuwahi kumchapa hata mwanawe, alijisikia akisema, “Mumupige tena. Atasema.”

Wakampiga tena. Hakusema.

Delphin alichoka, akavuta karatasi. “Bon. Tuandike plente ya mashitaka, tumupeleke mbele. Mama Ariel, nipe jina lako, lile la kwenye karte.”

“Kavuo.”

Maliro akainua kichwa. Damu ya pua ilikuwa imefika kidevuni.

“Kavuo njo wewe?” Alimtazama kwa woga ambao makofi hayakuwa yamemtia. “Mama, unisamehe. Sikujua. Papa Sadrack alinikatalia kabisa. Alisema mu Butembo nipeleke gitare kwa fundi yeyote, mais isikuwe kwa Kavuo.”

Kalamu ya Delphin ilisimama juu ya karatasi.

“Alikuambia lini?” Kavuo aliuliza.

“Juzi, Mama. Kwake Beni, ku Mulekera. Bibi yake, ule alioa kule, alikuwa anatupakulia bugali.”