Fundi Anapimwa Tena

"Geukia ubavu wa kushoto, baba. Vuta pumzi. Ishikilie."

Fundi wa majokofu aliishikilia, mafuta baridi ya kipimo cha ultrasound yakimtiririka hadi mgongoni. Moyoni alikuwa akichemka. Karakana ameifunga, friji ya mwenye bucha ameiacha imelala chali na matumbo nje, na simu inaita mfukoni mwa shati lililotundikwa ukutani. Naye yuko hapa, tumbo wazi, anapimwa ini na kongosho ambavyo havijamuuma hata siku moja.

Yote haya kazi ya mkewe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na jambo akishalishika haliachii. Kule kliniki ya kisukari, fundi anakotibiwa, daktari aliwaeleza kwamba mwenye sukari yuko kwenye hatari zaidi ya kupata saratani ya ini, ya kongosho, hata ya utumbo. Si kwamba kila mmoja ataipata, alisema, ila wasipuuze dalili. Wengine walisikia wakaenda zao. Mwalimu alirudi nyumbani na neno moja tu: kansa.

Tangu hapo fundi hakujua raha. Akikohoa, anaulizwa. Akikawia chooni, mlango unagongwa. Wali ukawa wa kupimiwa, chai ikawa haina sukari, na mkewe akaapa kula kile kile anachokula yeye ili asimwonee. Sasa gauni lilimning'inia kama limeanikwa, akawa analibana kiunoni kwa pini.

"Unakonda makusudi ili mimi nionekane mtu mbaya," fundi alimwambia juzi.

"Nakonda kwa mawazo, baba watoto. Wewe kapimwe tu, nitanenepa."

Mke kama huyo utamjibu nini?

Alipotoka kwenye kipimo, fulana imemgandia tumboni, alimkuta mkewe kwenye benchi la ukumbini akijikuna mikono. Chupa ya maji aliyomwachia amshikie ilikuwa tupu.

"Hata maji yangu?"

"Joto, jamani. Nitakununulia mengine."

Akainuka kwenda chooni, mara nyingine tena, fundi akabaki amekumbatia mkoba wa kike, watu wakimtazama.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Mkewe aliporudi, alimsemesha kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele. "Leo ndiyo mwisho. Daktari akisema mimi mzima, sitaki tena kulisikia hilo neno ndani ya nyumba yangu. Mimi mumeo, si mwanafunzi wako."

Mwalimu alitazama sakafu. "Sawa," akasema. "Akisema."

Wakaitwa. Kilikuwa chumba kidogo, pazia limefungwa, taa moja hafifu. Daktari, mwanamke mwenye umri wa binti yao mkubwa, alimkalisha fundi kitandani, akambonyeza tumbo hapa na pale, kisha akarudi kuyasoma majibu taratibu.

"Kongosho safi. Utumbo hauna tatizo. Ini lina mafuta kidogo, tutalishughulikia. Baba, sijaona dalili yoyote ya saratani."

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Fundi, aliyekuwa amejipangia maneno makali tangu asubuhi, akayaweka kando. Kumbe mwanamke huyu alikuwa anaogopa hivi.

"Haya, basi," akasema kwa upole ambao hakuwa nao kitambo. "Umesikia mwenyewe. Futa machozi, twende nyumbani."

Daktari alikuwa ameinuka kulifungua pazia. Jua likaingia chumba kizima. Mwalimu akaondoa viganja, akamwinulia uso ili amshukuru.

Daktari aliliacha pazia. Alisogea karibu, akainama, akaushika uso wa mwalimu kidevuni, akaugeuzia dirishani.

"Baba, shuka kitandani, mpishe mama," alisema. "Mama, haya macho yamekuwa ya manjano tangu lini?"