Pointi Moja Kati ya Goweko na Urambo

Asubuhi ya mbio za mwisho, Bernardo alikuwa bado hajui nani angechukua Kombe la Nyanza. Hakuwa amekula, na chai ilikuwa imeshika utando pale juu ya meza ya simu.

Kepteni Drew, mkulima wa Nakuru, alikuwa na pointi thelathini na moja. Kalasinga, fundi wa Kisumu mwenye motokaa ya kuungaunga, alikuwa na thelathini. Mbio nne zilikwisha, zilibaki za Nairobi. Katika stesheni ya Goweko, ambako hata motokaa ya bwana shamba ilionekana mara moja kwa mwezi, pointi hiyo moja ilimkosesha Bernardo, stesheni masta wa pale, usingizi wiki nzima.

Bernardo alikuwa upande wa Drew. Upande wa Kalasinga alikuwa Lugembe, stesheni masta wa Urambo, kule ng'ambo ya Tabora kwenye njia ya Kigoma. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa mkono tu, kama watu wa simu ya kugonga wanavyojuana, maana kila mtu ana namna yake ya kugonga. Lugembe aligonga kama mwanamke anayetwanga huku anaongea: anakwenda, anasita, anakwenda tena.

Urafiki wao ulianza mwaka uliotangulia. Bernardo alikuwa ametuma habari ya treni, kisha, kwa kuwa alikuwa amesoma gazeti alilopewa na gadi wa treni na hakuwa na wa kumwambia, akaongeza: "Drew ameshinda Kisumu."

Urambo ikajibu: "Kabahatisha. Ngoja Kampala."

Basi wakatambiana msimu mzima, na masta wa Tabora, ambaye waya ulipita kwake, akajifanya hasikii. Lugembe alisema hawezi kusoma gazeti la Kiingereza, kwa hiyo mleta matokeo alikuwa Bernardo. Mwishowe Drew akachukua kombe, Lugembe akanuna siku tatu, msimu ukaisha.

Hapo ndipo Bernardo alipoujua ukimya. Miezi saba waya haukusema ila treni imetoka, treni imefika. Mkewe Flavia alikwisha kufa, watoto hawakujaaliwa, na Shaban, mfungua njia wa pale stesheni, alirudi kijijini kwa wake zake kila treni ikishapita. Alikuwa mpweke, hakuna neno jingine. Lakini mwanamume mzima atamgongea mwenzake amwambie nini? Kwamba nyumba imekuwa kubwa? Mbio angalau zilikuwa na sababu.

Kwa hiyo mwezi wa tano ulipofika, alikuwa amekaa mkao wa kula.

"Mwangaluka, Urambo," aligonga salamu ya Kinyamwezi. "Nakuru. Drew wa kwanza." Jibu lilipokuja, la matusi matupu, alicheka peke yake hadi Shaban akachungulia dirishani.

Msimu huu Lugembe alikuwa na kiu ya kujua kila kitu. Habari za Kampala zilipokwenda, hakuridhika na matokeo.

"Drew ilikuwaje akawa wa tatu?"

"Aliteleza. Alimkwepa mbwa."

"Mbwa wa rangi gani?"

Bernardo alikuna kichwa. "Mwekundu."

"Gazeti limeandika hivyo?"

"Limeandika."

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, jua la Unyamwezi linachoma bati la stesheni tangu saa tatu asubuhi, na Shaban alikuwa amekaa kizingitini akisokota tumbaku katika kipande cha gazeti kuukuu.

"Bwana masta," alisema, "mwaka jana nilivuta picha za motokaa mpaka kifua kikaniuma. Mwaka huu sioni hata gurudumu."

"Picha ni za wakubwa. Matokeo huwa ndani, kwa herufi ndogo."

"Na leo nani anashinda?"

"Sijui, Shaban. Naumwa kichwa."

"Si wewe ni wa Drew? Mwombee Drew, yaishe."

Yaishe! Drew akishinda, Lugembe angenuna tena, na safari hii pengine moja kwa moja. Kalasinga akishinda, Lugembe angefurahi, lakini mtu aliyeshiba ana haja gani tena na mpishi? Ama hivi ama vile, kesho ingekuwa treni imetoka, treni imefika. Hilo ndilo lililomsumbua, si kombe.

Treni ya barua ikaja, ikanywa maji, ikaondoka kuelekea Tabora. Shaban akajifunga shuka lake na kuaga. Bernardo akabaki na meza, na saa ya ukutani, na vumbi. Alituma kwanza habari ya treni kama kazi ilivyotaka. Kisha akakunja mkono wa shati, akavuta pumzi, akagonga polepole, kila neno likimuuma.

"Nairobi. Tairi ya Drew imepasuka mzunguko wa mwisho. Kalasinga wa kwanza. Kombe ni lako, mzee wangu."

Akangoja. Urambo haikujibu. Dakika tano, kumi. Alisimama, akaketi, akaimwaga chai nje, akarudi. Alijiambia kwamba sasa ndiyo basi, na machozi yakamlenga, mtu mzima yule.

Hatimaye mashine ikagonga. Ulikuwa mkono wa Lugembe, unakwenda, unasita, unakwenda tena.

"Asante, ndugu yangu. Mwalimu wa misheni alinisomea gazeti tangu mwezi wa nne, kwamba mvua imeharibu barabara na mwaka huu hakuna mashindano. Mwakani tunga mbio kumi, hizi tano zimeisha upesi mno."