Ubavu Usiolia

Florence aliigonga tena mashua kwa nyundo ndogo, akatega sikio kama mtu aliyepiga hodi akangoja kuitikiwa.

Ngee, ikasema saruji.

Akasogea kidogo, akagonga. Ngee.

"Mama, unanunua boti ama unafanya uganga?" Justus, dalali, alikuwa amesimama juu ya jiwe asije akachafua viatu. "Hii ni waya na saruji. Haiozi. Mzungu ametoka nayo kwao na tanga moja mpaka hapa Kisauni."

"Saruji nayo huoza, ila kwa ndani," Florence akamjibu bila kugeuka.

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa matangi ya maji, yale ya waya na saruji, na kazi ya Florence ilikuwa kulizunguka tangi na nyundo. Palipo pazima hulia. Palipoliwa na kutu hujibu du, kama gunia la mchanga.

Leo hakuwa na nafasi ya kukosea. Kule juu nyumba ilikuwa yake, ardhi si yake. Ndivyo waishivyo wengi upande huu wa bara, kujenga kwenye shamba la mtu na kumlipa kodi ya kiwanja. Mwenye shamba akauza, na jana asubuhi tingatinga likaja. Florence aliwahi kung'oa mabati na milango, akaviuza. Fedha hizo, alizozifunga kwenye pindo la leso, ndizo zilizobaki baina ya wanawe na mvua. Wanawe wenyewe walikuwa wameketi juu ya godoro, kando ya mikoko, wakimtazama.

Majini hakuna mwenye shamba. Hilo ndilo lililomleta hapa.

"Huko mbele usijisumbue, dadangu," akasema Ngumbao, mlinzi wa mashua, mtu mwembamba aliyewafuata nyuma akikohoa. "Kwenye omo kumekwisha. Nakwambia kweli."

"Wewe nani amekuuliza?" Justus akamkemea. "Umewekwa kulinda ama kufukuza wateja?"

Florence akaenda mbele vivyo hivyo. Ngumbao akashikwa na kikohozi kikubwa, cha mtu wa kulazwa. Florence akagonga.

Du.

Akagonga juu yake: ngee. Chini yake: ngee. Akarudi palepale, aujue ukubwa wa donda.

Ngee.

Akasita. Donda la kutu halihami. Akagonga shubiri mbili kando, mahali palipolia vizuri tangu mwanzo.

Du.

"Vipi?" akauliza Justus.

"Nataka kuona ndani."

Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Kila chuma kilitoka machozi ya kutu: bawaba, komeo, hata kulabu za kutundikia taa. Chumba cha mbele kabisa kilikuwa kimezibwa kwa ubao uliopigiliwa misumari.

"Kunanuka nini humu?" Justus akaziba pua.

"Paka, bosi. Huja kukojoa," akasema Ngumbao.

"Na huu ubao?" akauliza Florence.

"Haujafunguliwa tangu mzungu aondoke, dadangu. Miaka." Ngumbao hakumtazama usoni. "Nyuma yake ni uozo mtupu."

Florence akapitisha kidole juu ya vichwa vya misumari. Vilikuwa vinang'aa. Akaweka kiganja kwenye ubao, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akageuka, akamtazama yule mlinzi: mashavu yaliyobonyea, shati lililovaliwa bado bichi kwa kukosa la kubadili.

"Nyumba yako wewe ilikuwa wapi?"

"Kulekule kwenu, dadangu. Mstari wa kisimani. Sisi walituanza."

Justus akatazama saa. "Mama, bei nimeshakupunguzia mpaka naona haya. Toa pesa, leo ulale kwako. Ama uko na pengine pa kwenda?"

Hakuwa napo. Kupitia tundu la ubavuni alimwona binti yake, Kaviha, akimfunika mdogo wake kwa upande wa leso. Wingu lilikuwa limeshainama juu ya mikoko. Florence akafungua fundo la pindo, akazitazama fedha zake, akalifunga tena.

"Imeoza," akasema.

"Nini?"

"Omo yote. Nimegonga, umesikia kwa masikio yako. Hata ukinipa bure siitii majini. Itazama na watu, na atakayetafutwa ni wewe."

Justus akatukana kwa lugha ya kwao. Alipotoka aliupiga ubavu wa mashua teke, akaumia mwenyewe. "Basi na ife hapahapa! Hii matope sirudi tena. Nitamwambia mwenyewe asahau." Akashika njia ya juu akichechemea, akiruka dimbwi hili na kukanyaga lile, mpaka akapotea.

Matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya dari. Florence akatoa kichwa nje, akawapungia wanawe waje na godoro.

"Mbona huendi, dadangu?" akauliza Ngumbao. Kikohozi kilikuwa kimemtoka chote.

Florence akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, taratibu.

"Wangapi humu walioegemea ubavu?"

Ngumbao akainama, akashika ukingo wa ubao.

"Wanangu wanne. Na mama yao."

"Waambie wasogee," akasema Florence. "Wangu ni wawili."