Ubongo Ndani ya Kopo la Samli

Chande alilitua kopo la samli mezani, akajipangusa mikono kwenye kanzu, akacheka. "Haya, bwana Othman, ubongo wa yule mbwa ndio huo. Utazame, nirudi zangu Gazi."

Othman, mpimaji wa maabara, akafunua kopo. "Nilikwambia jana kwenu hitimani, ulete kichwa kizima."

"Kichwa cha mbwa nikipandishe basi? Si wangenitupa njiani mimi na yeye!"

Siku ya tatu hiyo tangu mbwa koko amng'ate mguuni. Alimuua mwenyewe kwa rungu, watu wakamsifu. Mtu wa miraba minne, mpasua mawe, lakini mtajie sindano uone! Na zilizomngoja zilikuwa kumi na nne, zote za tumboni, moja kila siku. Othman alikuwa amemwambia wazi: ubongo wa mbwa ukiwa safi, hachomwi hata moja. Ukiwa na kichaa naye asichomwe, atakufa, tena vibaya. Ndiyo maana Esha, mkewe, alimsindikiza mpaka mlangoni mwa maabara, asije akatorokea Tanga.

Esha alikuwa akiitazama ile mikono. "Baba Tumu, umeshika mbwa usioshe mara saba kama dini ilivyoagiza? Hata mchanga hukusugua? Wewe, ambaye mbwa akipita uani hulali mpaka uoge?"

"Nitaosha nyumbani. Bwana Othman, fanya kazi yako."

Othman akakata kipande kidogo, akakiponda juu ya kioo, akakitia rangi, akainamia hadubini. Kazi hii aliipenda kuliko usingizi, na alieleza bila kuulizwa. "Hizi za buluu ni chembe za neva. Zina mikono mirefu kama pweza. Ugonjwa ukiwamo, utaona vidoa vyekundu ndani yake."

"Vimo?"

"Subiri. Kwa mbwa mara nyingi huonekana sehemu hii ya kati. Hapa sivioni."

"Alhamdulillahi!" Chande akasimama, kofia kichwani. "Nilijua mimi! Mama Tumu, twende."

"Kaa, sijamaliza." Othman akatia kioo cha pili, cha ubongo wa kisogoni. Safari hii alikawia, mpaka Esha akaanza kusoma dua. "La ilaha illallah! Huku vimejaa tele. Mbwa wako wa ajabu, Chande."

Esha akaangua kilio, akamng'ang'ania mumewe. Chande yeye akazidi kucheka. "Umekosea, bwana. Tazama tena."

"Nimetazama."

"Tazama tena! Haiwezekani! Nakuapia haiwezekani!"

"Umekuwa mpimaji lini?" Othman akakasirika, lakini akainama, akatazama vioo vyote viwili upya, akainuka. "Kichaa cha mbwa, hakuna shaka. Panda kitandani, ufunue tumbo."

Kicheko kikamkauka Chande. Akajibwaga kwenye benchi, jasho likamtiririka mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Esha akamwonea huruma kweli. Miaka minane ya ndoa, hakupata kumwona na hofu kama ile.

"Jikaze, mume wangu," akamwambia, akimpangusa uso kwa ncha ya leso. "Nitakushika mkono. Sindano kumi na nne si nyingi."

"Si nyingi?" Sauti ilimtoka Chande nyembamba kama ya mtoto. "Mke wangu, hazitoshi!"

"Nani kakwambia hazitoshi?" akauliza Othman, bomba la sindano mkononi.

"Mbwa nilimzika na kichwa chake. Huo ni ubongo wa mbuzi wetu wa hitima, aliyeliwa jana na mtaa mzima, na wewe, ndugu yangu, ukaomba kuongezwa."